Dago, Terekeza na Mkondo Mkavu: Istilahi za Safari ya Nyikani

Hivi karibuni Baraza lilipokea barua kutoka kwa mwalimu mmoja wa skuli ya sekondari huko Chake Chake, Pemba, akiomba msaada wa istilahi. Mwalimu huyo na wenzake wawili wanakusudia kuwachukua vijana 18 katika safari ya siku 9 bara: kuvuka bahari, kufika Arusha, kuteremka Mto wa Mbu, kwenda kulitazama Korongo la Oldupai, kisha kuifuata njia ya Engaruka hadi Engaresero iliyo kando ya Ziwa Natron, ambako watalala katika mahema na kutembea kwa miguu baina ya kuta za mawe. Kwa kuwa hakupata mwongozo wa Kiswahili wa kuandaa safari ya namna hiyo, alichukua kitabu kilichoandikwa kwa wasafiri wa majangwa ya Marekani, akatafsiri yale aliyoyaona kuwa yanafaa, akapata karatasi ya kurasa 4. Halafu akawasomea vijana wake. Maswali waliyomwuliza ndiyo yaliyomfanya ashike kalamu na kutuandikia.

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi Kamati ya Istilahi ilivyoishughulikia karatasi hiyo. Tunafanya hivyo kwa sababu mbili. Kwanza, jambo lenyewe si la skuli moja tu, maadam vijana wetu wengi siku hizi husafiri kwa hiari yao kwenda kuiona nchi. Pili, karatasi hii imetukumbusha kwamba istilahi mbaya si aibu ya lugha peke yake. Katika taaluma nyingine istilahi ikikosewa mwanafunzi hufeli mtihani. Katika safari ya nyikani ikikosewa mtu aweza kulala mahali ambapo hakupasa kulala.

Tuanze na makosa ya karatasi, nayo si makosa ya mwalimu. Kila neno alilolitumia limo katika kamusi zetu, na kila moja lina maana aliyoikusudia. Tatizo ni kuwa lina na maana nyingine, na msomaji wa Pemba huanza kwa ile aliyokua nayo. Mathalani, aliandika kwamba safari itapita "katika mabonde makavu". Sasa, kwa Mpemba bonde ni mahali pa mpunga. Kisiwa chote ni vilima vidogo vidogo na mabonde baina yao, na bonde ndiko maji yanakokaa, ndiko watu wanakotia miguu matopeni wakapandikiza. "Bonde kavu" kwake ni bonde lililopatwa na ukame, jambo la huzuni, wala si namna ya nchi. Ndiyo maana hatufurahishwi na vitabu vya skuli vinavyoandika "Bonde la Oldupai". Mahali penyewe ni mfereji mkubwa uliochimbwa na maji katika tabaka za udongo na majivu ya volkano, wenye urefu wa kilomita zipatazo 48 na kina kinachofikia kiasi cha mita 90. Hapo ndipo Mary Leakey alipoliona fuvu mwaka 1959, likapewa jina la Zinjanthropus, na msomaji wa Visiwani hana haja ya kufafanuliwa kwamba hiyo Zinj ndiyo ile iliyomo ndani ya jina la Zanzibar. Tumekuwamo korongoni humo kwa jina kabla ya kufika kwa miguu.

Neno jangwa nalo lina mambo yake. Katika pwani jangwa ni uwanda mtupu usioota kitu, aghalabu pale nyuma ya mikoko ambapo chumvi imeua majani. Si lazima pawe hapana maji. Wakazi wa Dar es Salaam wanajua zaidi kuliko sisi kwamba Jangwani, katika bonde la Msimbazi, ni mahali panapofurika mvua ikinyesha kwa nguvu. Kwa hiyo kijana akiambiwa kuwa anakwenda jangwani huelewa kuwa anakwenda mahali patupu, lakini haimjii akilini kwamba maji atayachukua mwenyewe. Kamati imependekeza kwamba nchi ya Natron na Oldupai iitwe nyika kavu, na jangwa libaki kwa nchi kama Sahara na Rub al Khali ambako mvua ni tukio la kuhadithiwa.

Lakini lililotuchekesha, na baadaye likatufikirisha, ni maneno "kusafiri nje ya barabara". Mwalimu alikusudia kusema kwamba gari litapita mahali ambapo barabara haikutengenezwa. Vijana walielewa kwamba gari litaacha njia. Nani asiyejua habari za redio: gari liliacha njia na kupinduka? Mzazi mmoja, tunaambiwa, alitaka kumwondoa mwanawe katika orodha. Hapa hatukuhitaji kuunda kitu. Watu wa bara husema njia za pori, na safari ya njia za pori ni maneno yaliyo wazi. Ama gari lenyewe, madereva husema gari la difu mbili, yaani gari ambalo magurudumu yake ya mbele na ya nyuma yote huvuta. Tumeliacha vivyo hivyo. Neno limetoka gereji, lina miguu yake, na Kamati isingeweza kulipa neno bora.

Baada ya kuyatazama hayo tuliona kuwa ingekuwa kazi bure kukaa ofisini tukatafsiri karatasi ya Wamarekani neno kwa neno. Swali la kujiuliza lilikuwa jingine: je, wako Waswahili ambao kupanga safari ya kwenda kulala nje, mahali pasipo nyumba wala kisima, ndiyo kazi yao ya kila mwaka? Wako, na wako Pemba kwenyewe. Ni wavuvi wa dago.

Dago, ambalo pengine husemwa ago, ni mahali wavuvi wanapofikia na kukaa kwa muda mbali na kwao, wakifuata samaki. Husemwa kwenda dago na kupiga dago. Watu wa Kojani wamesifika kwa jambo hili pwani yote; utawakuta Unguja, Tanga na Mafia, na hata upande wa Kenya kule Vanga na Shimoni, wakifuata pepo na misimu. Madago mengine ni ya karibu. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Chake Chake, ambacho tangu mwaka 1998 kimekuwa eneo la hifadhi, ni mahali ambapo wavuvi hufikia kwa siku chache kisha wakarudi. Hakina kisima cha maji baridi. Anayekwenda Misali huchukua maji yake, na akisahau hurudi.

Tulikwenda Pemba tukakaa na wazee wa diko moja upande wa Tumbe. Tuliwaeleza habari ya safari ya vijana, wakatusikiliza kwa upole ambao wazee huwapa watu wa ofisini. Kisha mmoja wao akauliza, "Wanangu, hao watoto nahodha wao ni nani?" Tukamjibu kwamba karatasi inasema "kiongozi". Akasema, "Kiongozi wa kusema au wa kujua njia?" Swali hilo lilitupatia kazi ya siku nzima, kwani kwa kweli katika karatasi neno kiongozi lilitumika mara 11, mara nyingine likiwa na maana ya mwalimu mwenye dhamana, mara nyingine likiwa na maana ya mwenyeji anayelipwa kuonyesha njia.

Kwa watu wa bahari hawa wawili hawachanganyiki. Nahodha ndiye mwenye chombo na roho za watu. Rubani ni yule anayeujua mlango fulani, mwamba fulani, kina fulani. Chombo kikiingia mahali pageni nahodha bado ni nahodha, lakini asemalo rubani kuhusu maji ndilo linalofuatwa. Ndiyo tofauti hasa inayotakiwa katika korongo, pale mwenyeji anaposema "turudi" na mwalimu amekwisha kuwaahidi vijana maporomoko ya maji mbele.

Basi nahodha tumelichukua bila wasiwasi. Wasomaji watakumbuka kwamba lugha yetu ya safari, hata ile ya nchi kavu na ya angani, imetoka baharini kwa kiasi kikubwa. Usukani ulikuwa wa chombo kabla haujawa wa gari. Abiria alikuwa aliyeabiri chomboni. Nauli ilikuwa ya jahazi. Nahodha mwenyewe alikwisha kuhamia katika mpira wa miguu na hakuna aliyelalamika. Hivyo nahodha wa safari si neno la kigeni kwa kijana yeyote.

Rubani, kwa bahati mbaya, hatumwezi tena. Amekwisha kuruka na ndege, wala harudi. Tukiandika kwamba kundi litakuwa na rubani, vijana watadhani wanapanda ndege kutoka Chake hadi Arusha, na watasikitika sana watakapoona meli Mkoani. Tulifikiria pia kutohoa neno la Kiingereza, kama wengi wanavyopenda kufanya siku hizi, na hapo ndipo mjumbe mmoja alipotuonyesha kwamba tukilitohoa kwa kufuata sauti za Kiswahili tutapata "gaidi". Tukaliacha upesi. Neno lililotufaa limetoka katika misafara ya karne ya 19, ile iliyokuwa ikiondoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji. Aliyetangulia mbele ya msafara, anayejua njia, visima na watu, aliitwa kirangozi. Mwenye msafara alikuwa mtu mwingine. Neno hili limo katika kamusi za zamani, na kwa kuwa ni la jamii moja na kuongoza, msikilizaji hulikisia hata kama hakupata kulisikia. Kamati imependekeza lirudishwe: nahodha wa safari ndiye mwenye dhamana, kirangozi ndiye mjuzi wa njia, na katika mambo ya maji na njia kirangozi husikilizwa kwanza.

Kuhusu masurufu hapakuwa na ubishi. Mwalimu aliandika "mahitaji ya chakula na fedha za njiani", na neno moja la baharini linayabeba yote hayo. Mzee mmoja alituhesabia masurufu ya dago la siku 7 bila kalamu: mchele, unga, chumvi, kibiriti cha akiba kilichofungwa mbali na kibiriti cha matumizi, sindano na uzi, na maji kabla ya vyote. Tukamwuliza maji kiasi gani. Akatujibu kwamba kwanza uhesabu watu, halafu uhesabu jua.

Hapo tunapenda kukaa kidogo, kwa sababu karatasi ya mwalimu ilisema tu kwamba kila mtu achukue "maji ya kutosha". Haya ni maneno yasiyo na kipimo, na istilahi ya safari bila ya kipimo haifai kitu. Katika joto la Natron, mtu anayetembea huhitaji lita 4 au 5 za kunywa kwa siku. Vijana 18, walimu 3, kirangozi na dereva ni watu 23; kwa lita 5 kila mmoja ni lita 115, yaani madumu 6 ya lita 20 kwa siku moja, kabla ya kupika na kabla ya udhu. (Kuhusu hilo la mwisho lugha yetu haina upungufu: tayamamu ni istilahi kamili ya mtu ambaye maji yake ni ya kunywa tu, na wazee walishangaa kwamba haikuwamo katika karatasi ya vijana wa Kiislamu.) Tumependekeza maneno mawili yatenganishwe: maji ya njia, yaani yale ambayo kila mtu huyabeba mwenyewe katika shanta lake, na maji ya dago, yaani yale yaliyomo garini au kwenye kituo na hayaguswi mpaka nahodha aseme. Watu wa dago hufanya hivyo tayari, ingawa hawakupata kuyapa majina.

Hata hivyo bahari haiwezi kutupa kila neno. Mvuvi huyakimbilia maji baridi nchi kavu. Msafiri wa nyika huenda kutoka maji hadi maji, na pengine baina ya maji na maji pana mwendo unaozidi siku moja. Kwa jambo hili ilitubidi turudi tena kwa misafara. Wapagazi walikuwa na neno terekeza. Waandishi wageni walilisikia wakaliandika kila mmoja kwa sikio lake: Burton, aliyesafiri mwaka 1857 hadi 1859, aliandika "tirikeza", na Stanley baada yake aliandika "terekeza". Maana yake ilikuwa hii. Kwa kawaida msafara uliondoka alfajiri na kutua kabla ya jua kali. Lakini ikiwa mbele pana nchi isiyo na maji, kama ile Mgunda Mkali iliyo magharibi ya Ugogo, msafara haukuondoka asubuhi. Watu walibaki kwenye maji mpaka adhuhuri, wakapika, wakala, wakanywa, wakajaza vibuyu. Baada ya hapo waliondoka, wakaenda mpaka usiku, wakalala pasipo maji, na alfajiri wakaamka na kwenda tena mpaka walipofika kwenye maji ya pili kabla ya jua kuwa kali. Hivyo nchi ya kiu ya siku nzima ilivukwa kwa nusu mbili za siku, na mlo mkubwa ulipikwa mahali penye maji.

Mtu yeyote aliyepata kupanga safari ya nyikani ataona kwamba hili ni jambo la hesabu, si la ushujaa, na kwamba neno moja linaeleza mpango mzima: saa ya kuondoka, mahali pa kupikia, kiasi cha kubeba, na usiku mmoja mkavu. Kitabu cha Wamarekani kilitumia aya nzima kueleza jambo hilohilo. Tungependa sana neno hili lirudi.

Lipo pingamizi moja zito. Kiswahili cha leo kinalo telekeza, lenye maana ya kuacha bila ya kutunza, na wengi wa wasemaji wetu hawatenganishi r na l. Mwalimu akiwaandikia wazazi kwamba "siku ya tano tutaterekeza", basi wapo watakaosoma kwamba siku ya tano watoto wao watatelekezwa. Wajumbe wawili walitaka neno liachwe kwa sababu hiyo. Sisi tumeona kwamba lisitumike kama kitenzi, bali liwe jina tu: mwendo wa terekeza, likiwa na fafanuzi mara linapotajwa kwanza. Hili ni pendekezo, na anayeona tumekosea atuandikie.

Sasa tufikie neno lililotuchukua mikutano 3. Karatasi ilikuwa na sentensi hii: "Msipige kambi korongoni." Ni kanuni ya kwanza ya safari hizi, na ndiyo ambayo vijana waliielewa vibaya kuliko zote. Kamusi zetu zinalo korongo ndege, korongo shimo la kupandia mbegu, na korongo lililochimbwa na maji. Kijana mmoja alisema kwamba hawezi kupiga kambi mashimoni hata akiamrishwa. Mwingine aliuliza kama ndege hao wana hatari. Mwalimu alipowafafanulia maana ya tatu walielewa, lakini likabaki jambo jingine kubwa zaidi: hawakuona sababu ya katazo. Korongo ni kavu. Lina mchanga laini, lina kivuli, halina upepo. Kwa mtu wa dago, mahali pakavu juu ya alama ya bamvua ni mahali salama. Maji ya bahari hujaa na kupwa kwa miadi, nawe waweza kuyahesabu kwa mwezi.

Maji ya korongo hayana miadi. Mvua hunyesha mlimani, pengine mbali sana na pale ulipo, na maji hukusanyika yakateremka kwa nguvu katika mfereji ulio mkavu huku mbingu juu yako ni nyeupe. Mwaka 2012 vijana waliokwenda kutembea katika Korongo la Ol Njorowa, ndani ya Hifadhi ya Hell's Gate karibu na Naivasha, Kenya, walikutwa na maji hayo na baadhi yao wakafa. Tarehe 1 Septemba 2019, katika mwezi ambao si wa masika, wakafa wengine mahali palepale. Twataja mambo haya kwa sababu watu hao hawakuwa wamekwenda kuogelea wala kuvuka mto. Walikuwa wakitembea mahali pakavu.

Basi istilahi iwe ipi? Neno korongo tumelibakisha kwa ule mfereji mkubwa wenye kuta, maana Korongo la Oldupai limekwisha kuzoeleka, na kuta zake ziitwe magenge. Lakini kwa ile njia ya maji iliyo kavu, iwe ndani ya korongo au katika uwanda, ambayo gari hulazimika kuivuka mara nyingi baina ya Engaruka na Engaresero, tulitaka neno litakaloonya lenyewe. "Mto wa msimu" halionyi. Linamfanya mtu aamini kwamba nje ya msimu yu salama. Wazee wa Tumbe walitupa wadi. Wengi wa watu wa Pemba wana ndugu na watoto Oman, na Waswahili wa huko hawana neno jingine. Siku za mapumziko huchukua magari yao na mahema wakaenda milimani, wengine hadi Jabal Shams wakachungulia korongo la Wadi Ghul, na mvua ikinyesha hupigiana simu kwamba wadi imeshuka, msivuke. Nao wanajua wasemalo. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya Oman yaliua watu wengi, wakiwamo wanafunzi waliokuwa garini huko Samad al-Shan.

Wadi ni neno fupi, lina heshima ya Kiarabu, na lina watumiaji. Kasoro yake ni kwamba kwa msomaji wa Dodoma au Bukoba, na hata kwa kijana wa Chake asiye na jamaa Maskati, halisemi kitu. Tumependelea mkondo mkavu. Mkondo kila mtu wa pwani anaujua: ni mahali ambapo maji hukimbia na kumchukua mtu hata kama anajua kuogelea. Ukimwambia mvuvi asilale mkondoni hakuulizi sababu. Neno mkavu limeongezwa tu kueleza hali yake unapouona; hatari imo katika neno la kwanza. Wadi tumeliweka katika orodha kama kisawe kwa wasemaji wa Oman.

Lililobaki bila ya uamuzi ni jina la maji yenyewe. "Mafuriko ya ghafla" ndiyo maneno ya magazeti, na hatuyakatai, lakini kufurika ni kujaa mpaka kumwagika. Ni maji yanayopanda hapo ulipo, nawe unayaona. Maji tunayoyazungumzia hayapandi, yanakuja. Tukifuata Waswahili wa Oman tungesema "mshuko wa maji", nasi tulilipenda neno hilo hadi tulipolipeleka Tumbe. Mzee wetu alitabasamu. "Mshuko niujuao mimi, wanangu," alisema, "ni wa Ijumaa." Na ni kweli, pwani yote mshuko ni kutoka msikitini baada ya sala, saa ya watu kupeana mikono na kukumbushana chakula cha mchana. Haiwezekani neno lenye harufu ya pilau likabeba onyo la kifo. "Poromoko la maji" linatuletea maporomoko, ambayo vijana watakwenda kuyatazama kwa hiari huko Engaresero. "Gharika" ni kubwa mno, ni la Nabii Nuhu.

Vyombo vya safari havikutusumbua. Hema, vigingi, turubali, shanta, mabuti, dira na ramani yote ni maneno yaliyo hai. Dira tumeiwekea maelezo kidogo kwa sababu vijana wa leo wanaijua zaidi katika hotuba kuliko mkononi. Mfuko wa kulalia unajieleza. Moto wa mafiga tumeuwekea onyo kwamba mahali pengine pa hifadhi hauruhusiwi, na jiko la gesi ndilo lichukuliwe. Kambi na dago tumeyatenganisha hivi: kambi ni mahali palipotengwa, penye choo na mlinzi, ambapo makundi mengi hufikia; dago ni pale ambapo kundi hufikia kwa usiku mmoja au michache na kuondoka na kila ililokuja nacho. Baadhi ya wajumbe waliona kwamba watu wa bara hawatalikubali neno dago. Huenda. Lakini watu wa bara walikubali nauli na usukani, na hawakuulizwa.

Karatasi ya mwalimu imekwisha kurudishwa Chake Chake ikiwa na istilahi hizi, naye anatarajia kuondoka na vijana wake mwezi wa Julai. Sentensi ile iliyoleta mashaka sasa inasomeka hivi: "Dago lisipigwe katika mkondo mkavu, hata kama hakuna mawingu, kirangozi akisikia au akihisi ……, watu wote wapande juu mara moja na waache mizigo." Pale penye nukta pameachwa wazi. Mwalimu amepaandika "maji yanakuja" kwa muda, kwa kalamu ya risasi, na tunawaomba wasomaji wenye neno, hasa walio Pemba, Umasaini na Oman, watuletee kabla ya mwisho wa Mei.